Jina Nalo Ni Mali

Wako watu wadhanio kwamba jina ni sauti tu ya kumwitia mtu. Sivyo. Jina ni habari ya ukoo, na yafaa tulitunze kama tutunzavyo mpaka wa shamba.

Tazameni desturi zetu. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao huwafuata nyanya zao kwa utaratibu uo huo. Hivyo Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau. Kwa Wajaluo, Otieno ni wa usiku, na Akinyi ni wa asubuhi. Kwa Wanandi na Wakipsigis, kijana aliyekwisha kutahiriwa aliitwa kwa jina la baba yake: mwana wa Kipkoech akawa arap Koech. Lakini mjukuu hakurithi jina hilo; naye aliitwa kwa jina la baba yake mwenyewe. Siku hizi wengi huandikwa Koech, baba na mwana na mjukuu, kwa kuwa daftari hupenda jina lisilobadilika.

Hata lakabu huweza kuwa jina la nyumba nzima. Mzee Jomo Kenyatta alipozaliwa aliitwa Kamau, na alipobatizwa mwaka 1914 akawa Johnstone. Husemwa kwamba jina la Kenyatta lilitokana na mshipi wa shanga aliopenda kuvaa. Pambo la kiunoni limekuwa jina la watoto na wajukuu!

Basi shida yaanzia wapi? Yaanzia pale mtoto mmoja aandikwapo Petro Kamau, na nduguye Yohana Mwangi, wala jina la baba halionekani. Baba akifariki, karatasi haziwatambui kuwa ndugu. Ndipo zianzapo safari za kwa chifu kutafuta barua, na za kwa wakili kula kiapo, na fedha zawatoka kabla shamba halijagawanywa. Mwenye tamaa naye hupata mlango wa kuingilia. Binti aliyechukua jina la mumewe hutaabika zaidi, ingawa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yamhesabu kuwa mtoto sawasawa na kaka zake.

Sisi makarani huandika tunayoambiwa. Kwa hiyo, mzazi, umwandikishapo mtoto, taja jina lake na jina la baba, na uyasome maandishi kabla hujaondoka dirishani. Majina yawe yale yale, herufi kwa herufi, katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho. Kisha mweleze mtoto ameitwa kwa nani, na kwa sababu gani.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jina nalo ni mali.