Ayubu wa sura ya 3
Msibani, kabla turubai halijafungwa sawasawa, atatokea mtu wa kumwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na mhubiri atasoma Ayubu sura ya 1, pale mzee wa watu anapopoteza mali na watoto kumi na bado analibariki jina la Bwana. Kitabu hicho kina sura 42. Ni nadra sana kusikia ikisomwa ya 3, Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa, au zile zinazofuata, ambamo anamdai Mungu maelezo kama mtu aliyedhulumiwa anavyodai haki barazani. Rafiki zake watatu walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walipofungua kinywa ndipo walipoharibu, maana wote walikuja na hoja ileile, kwamba lazima kuna dhambi imefichwa. (Mahubiri hayo bado tunayo, siku hizi yakiandamana na bahasha ya sadaka ya kufungua milango.) Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, si mlalamikaji, wanaagizwa wapeleke sadaka kwa huyohuyo Ayubu, naye awaombee. Zaburi ya 88 nayo ni kilio kinachoishia gizani, bila neno la shukrani, na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Basi mama aliyezika mwanawe na Jumapili hii hawezi kuimba pambio, aachwe kwenye benchi lake anyamaze, au alie. Asiitwe mbele kuombewa imani.