Magimbi Nyuma ya Kambi

Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali uliteketeza mihogo nchini Uganda, na kabla ya mwongo ule kwisha ulikuwa umekwisha vuka mpaka na kuingia magharibi mwa Kenya. Nyumba za Tororo na za Busia zote mbili, zilizokuwa zimeweka tumaini lao katika zao moja, zilionja dhiki. Askari na polisi walio zamu mpakani leo wanakula muhogo ule ule. Bustani iliyo nyuma ya nyumba zao haina budi kuwa na zao la pili.

Twapendekeza magimbi. Mkenya huyaita nduma, Muganda huyaita mayuni, na wengi hudhani ni majani ya mapambo yaliyojiotea kando ya mfereji. Wengine huamini kwamba pasipo kinamasi hayastawi. Sivyo, na tena vinamasi vinalindwa na sheria. Mlinzi wa sheria asiwe wa kwanza kuvilima. Wakulima wa Kenya wamekwisha onyesha njia. Huchimba handaki la futi mbili (kazi ambayo askari hahitaji kufundishwa), hutandika karatasi ya nailoni chini yake, kisha hulijaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Maji yaliyosuuzia vyombo yatosha kulinyweshea.

Mbegu yake ni kichwa cha gimbi kilichoachiwa shibiri moja ya mashina. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, majani yakigeuka manjano na kupungua ukubwa, ng'oa. Gimbi bichi huwasha koo vikali. Lichemshwe mpaka lilainike kabisa, na majani yake vivyo hivyo.

Wala gimbi halina kinga ya ajabu. Mwaka 1993 ugonjwa wa majani uliangamiza magimbi ya Samoa, kwa kuwa wakulima wengi walikuwa wamepanda aina moja iliyopendwa sokoni. Kwa hiyo muhogo usiachwe.

Lakini adui mkubwa wa bustani ya kambini ni barua ya uhamisho. Hufika mwezi wa nne, na mwenye bustani, kwa uchungu, hung'oa vigimbi visivyozidi kidole gumba ili mrithi wa nyumba asivile. Tunasema waziwazi kwamba jambo hili halifai. Familia inayoingia huwasili na mizigo na watoto, na mshahara haujafika. Makamanda waweza kuamuru handaki likabidhiwe pamoja na funguo. Anayeondoka achukue machipukizi machache katika gunia lenye unyevu, akayapande aendako.