Staa Kavaa Chui Mjini, Bibi wa Murukulazo Kaliwa Mahindi: Sasa Nani Amchangie Nani?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, huo utakuja wikiendi. Leo nina dukuduku langu na nimeona nilitoe hapa hapa kabla halijanikaba.

Juzi kati kuna staa mmoja, jina kapuni, aliangusha bonge la tukio mjini la kuchangia wanyamapori. Sharti la kuingia ilikuwa uvae kama mnyama. Picha mmeziona, msijifanye hamjui. Yeye mwenyewe alitokea na gauni la madoadoa ya chui, mkia mrefu unabebwa na dada wa watu. Kuna mwingine alikuja pundamilia, kuna kaka mmoja alijichora uso simba halafu jasho likamharibia, akawa kama paka kanyeshewa. Mimi nilikuwepo, nilimsindikiza rafiki yangu mpiga picha, nikawa nambebea taa.

Usiku unaisha, nikamuuliza mmoja wa waandaaji, "Kaka, imepatikana kiasi gani na inaenda wapi?" Akaniambia tutatoa taarifa. Mpaka naandika hapa ni kimya. Sisemi wamekula, nasema hatujui. Na kama hatujui wenyewe tuliokuwa ukumbini, je yule anayeishi na hao wanyama atajua?

Msinielewe vibaya, sipingi kuvaa kama wanyama ili kuchangisha hela. Wazo ni zuri sana. Ninachosema ni kwamba lifanywe na vikundi vya vijana wanaoishi jirani na hao wanyama, na kabla hujamwomba mtu mia tano yake, kwanza umuulize huyo mnyama amemfanyia nini.

Kwanza mjue hii kitu si ngeni. Uingereza kumekuwa na siku inayoitwa Wear It Wild, ya shirika la WWF, watoto wa shule wakivaa kama wanyama na kila mmoja akitoa kidogo. Huko huko kuna Save the Rhino, watu wao wanakimbia London Marathon, kilomita 42, ndani ya vazi la kifaru lenye uzito wa kilo 10 hivi. Yaani mtu anakuchangia kwa sababu anaona unateseka kweli, si kwa sababu umetoka gari la kiyoyozi umependeza.

Na kwetu Bongo tusijione wa mwisho. Wengi mliosoma zamani mnaikumbuka Malihai, zile klabu za shuleni zilizoanza 1980. Halafu 1991 pale Dar es Salaam, Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe, alikaa na wanafunzi 12 wa sekondari nyumbani kwake, ikazaliwa Roots & Shoots, leo ipo nchi kibao duniani. Ilianza na vijana 12 wa hapa hapa, hakukuwa na zulia jekundu.

Sasa twende nyumbani. Mimi asili yangu ni upande wa Murukulazo, huko Ngara. Kidato cha nne nimemalizia huko huko, matokeo msiniulize. Wazee wetu wanakumbuka enzi basi haliwezi kupita lile pori la kuelekea Biharamulo bila polisi wenye silaha kusindikiza, kwa sababu ya majambazi. Wanakumbuka pia 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walivyomiminika Ngara, kambi ya Benaco ikajaa, miti ikakatwa kuni, wanyama wakawa kitoweo. Halafu 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Kwa hiyo siku hizi sisi ni majirani wa hifadhi ya taifa. Raha yake ipo, na karaha yake ipo.

Mwaka fulani nikiwa likizo nyumbani, na akili yangu ya mtandaoni, nikawaambia vijana wenzangu tufanye tukio la mavazi ya wanyama siku ya gulio. Tulikuwa mchanganyiko, bodaboda, wanakwaya, timu ya mpira na wanafunzi. Hela ya kununua mavazi hakuna, tukatumia tulichonacho. Maboksi, mifuko ya salfeti, majani makavu ya migomba, masizi ya sufuria. Twiga walikuwa watu wawili, mmoja kambeba mwenzie mabegani. Tembo naye watu wawili ndani ya blanketi la kijivu, mkonga ni mpira wa kumwagilia. Wadau, gulio zima lilisimama. Hata wauza dagaa waliacha ndoo zao.

Tukazunguka na kopo. Tukafika kwa bibi mmoja anauza maharage.

"Shikamoo bibi, tunachangisha kwa ajili ya wanyama."

"Marahaba wajukuu zangu. Huyo mkubwa ni nani?"

"Tembo, bibi."

"Aah. Huyo alishachukua mchango wake kwangu mwezi uliopita, na wala hakuniomba. Mwambieni kwanza arudishe chenji."

Gulio likalipuka kwa kicheko. Na mimi nilicheka, nikachukua na kideo. Ila jioni tulipokaa kuhesabu, yule dogo aliyekuwa miguu ya nyuma ya tembo alikuwa hacheki. Akasema yule ni bibi yake mzaa mama. Mahindi yalikanyagwa usiku mmoja, nusu ya shamba. Na toka hapo yeye analala dunguni kulinda kilichobaki, usiku tembo na nguruwe pori, mchana nyani, halafu asubuhi anaenda shule anasinzia darasani anachapwa.

Pale ndipo akili ilinikaa sawa. Tumemvalisha mtoto tembo, tukamtuma akamwombee hela tembo aliyekula chakula chake.

Tulikuwa tumepata 61,300. Wengine wakasema tuipeleke kwa wahifadhi. Dogo akauliza swali moja tu, "Wakiipokea, mimi leo usiku nalala wapi?" Hakuna aliyemjibu.

Najua kuna mtu atasema Serikali inalipa. Ni kweli, kuna kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Lakini jina lenyewe linakwambia, ni kifuta jasho, si fidia. Huwezi kufuta jasho ukashiba. Na mtu mwenye njaa aliyechukia mnyama, akija jamaa usiku na mzigo wa nyama pori anataka pikipiki ya kuusafirisha, unadhani atakataa? Vijana wangapi wa rika letu wanaishia jela kwa safari moja ya bodaboda? Kwa hiyo mimi naamini ulinzi wa tembo unaanzia kwenye sahani ya yule bibi. Ukimwacha yeye nje, hayo mavazi yenu ni sherehe ya kuzaliwa tu.

Mara ya pili tulifanya tofauti. Kabla ya tukio tulipita nyumba kwa nyumba kwa wenye mashamba ya mpakani, tukauliza, mnataka nini? Wakasema tochi zenye mwanga mkali na vuvuzela za kufukuzia. Mwalimu mmoja akatuambia habari za Sagalla, kule Kenya karibu na Tsavo, wakulima wanatundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anageuza. Kwao asali, kwetu pia asali, na kwetu kufuga nyuki si kitu kipya.

Siku ya tukio tukatangaza kabisa kwamba hela hii ni ya tochi na mizinga. Tulipata 148,500. Ikahesabiwa palepale kwenye meza ya gulio, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, mama mmoja wa vikoba akaandika daftari. Tochi nne zikanunuliwa, na mbao za mizinga miwili, fundi akatusamehe ufundi. Mizinga miwili si uzio jamani, najua, na nyani hawaogopi hiyo. Lakini yule bibi alitoa mia tano. Akamgusa tembo mkonga akamwambia, "Hii nakukopesha." Kwangu mimi ile mia tano ni kubwa kuliko meza yote ya watu maarufu.

Sasa kwa kikundi chochote kinachotaka kujaribu, nina haya machache ya kuwaambia kutokana na tuliyoyapitia.

Vaeni wanyama wa kwenu. Kila mtu anataka kuwa simba. Mbona hakuna anayetaka kuwa nzohe, swala wa kwenye matope? Au nyamera, au palahala, au kiboko wa Ziwa Burigi? Mtoto akivaa nzohe lazima aulizwe ni nani huyo, na lazima ajue kujibu. Hapo elimu imepita bila hotuba.

Ngozi halisi ni marufuku. Kuna kijana alitaka kuja na ngozi ya chui ya marehemu babu yake, ipo sandukuni. Nikamwambia kaka, utatoka gulioni na pingu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hiyo ni nyara ya Serikali, kukaa nayo bila kibali ni kesi, na kesi yenyewe si ya mchezo. Afrika Kusini waumini wa kanisa la Shembe walikuwa wanavaa ngozi za chui kwenye ngoma zao za ibada, shirika la Panthera likawatengenezea za bandia, wengi wakazipokea. Kama ibada imeweza, gulio litashindwa?

Ombeni ruhusa kwa mtendaji mapema, na fanyeni mchana. Kwetu watu walianza kunong'ona kwamba kuvaa vichwa vya wanyama ni mambo ya kichawi. Tukaenda kwa padri na kwa shehe, tukawaonyesha maboksi yetu, wakacheka, maneno yakaisha.

Hela isikae kwa mtu mmoja, hata kama ndiye mwenye wazo. Hata kama ni mimi. Mhesabu mbele ya waliotoa, siku hiyo hiyo, na risiti za matumizi mzibandike ofisi ya kijiji.

Kuna watakaosema, kwa nini maskini wachangie wakati hifadhi zina watalii? Swali zuri. Mimi sisemi wanakijiji walipe kazi ya Serikali. Mia tano zetu hazilishi askari hata mmoja. Ila mtu akishatoa mia tano yake ana haki ya kuuliza, na anayeuliza ndiye mwenye mali. Mpaka leo yule bibi akituona anauliza mizinga imeendaje. Nani wa ule ukumbi wa mjini anaulizwa kitu?

Kwa staa wetu na chui wake, nakupenda bado na nyimbo zako nasikiliza. Ombi langu moja tu. Mwakani usikodi ukumbi. Panda basi, njoo Ngara, huku kuna vijana watakuvalisha salfeti na utapendeza vilevile. Utazunguka na kopo mwenyewe. Utafika kwa bibi wa maharage, na utamsalimia shikamoo, na atakuuliza swali lake.

Jibu uje nalo, maana sisi hatukuwa nalo.

Wadau, kwenu huko mnaishi na wanyama gani, na mngevaa nini? Na wewe ungempa tembo mia tano yako? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana, nasoma zote.