Kukimbilia Misri kwa mistari mitupu

Husemwa kwamba picha za kuchapa za karne ya 17 zilikuwa nakala tu za michoro ya rangi. Lipo la kweli hapo: mwaka 1613 Hendrick Goudt alichonga safari ya Maria na Yusufu kwenda Misri kwa kufuata mchoro wa Adam Elsheimer. Lakini Rembrandt, alipoichora safari hiyohiyo kwenye bamba la shaba mwaka 1651, hakumfuata mchoraji yeyote.

Wengine hudai usiku hauchoreki bila rangi. Na waitazame kazi ya Goudt: mwezi unaong'aa hadi majini, moto wa wachungaji, mwenge wa Yusufu. Mianga hiyo yote ni karatasi iliyoachwa bila wino. Giza ni mistari iliyosongamana. Rembrandt alithubutu zaidi. Alilirudia bamba lake mara kadhaa, akapitisha mistari juu ya mistari, hata familia ikakaribia kumezwa na taa ya Yusufu ikabaki kuwaongoza. Mathayo anasema waliondoka usiku. Hapa hata mtazamaji anaitafuta njia.

Ati wachoraji hawa walifuata Maandiko neno kwa neno? Punda wanayemchora wote hatajwi na Mathayo.

Dai linaloniudhi hasa ni kwamba Rembrandt aliiharibu kazi ya mchoraji Hercules Segers. Segers alikuwa amemchora kwenye bamba Tobia wa Maandiko akisafiri na malaika, watu wawili wakubwa waliotawala upande wa kulia wa picha. Bamba lake lilimfikia Rembrandt baada ya Segers kufariki. Yapata mwaka 1653 Rembrandt aliwakwangua wasafiri hao, akaweka miti, na chini yake familia ya Yusufu, ndogo kuliko wale waliotangulia. Bonde na milima ya Segers aliviacha karibu vyote. Sasa tazama mpangilio ulivyobadilika: wasafiri wamepungua, nchi imepanuka, na Misri inaonekana iko mbali sana. Safari imepata urefu ambao haikuwa nao. Hata bawa la malaika halikufutika lote. Alama zake zinaonekana kati ya majani.

Chapa za awali za Segers bado zipo, kwa hiyo yeyote anaweza kuziweka picha hizo mbili bega kwa bega. Hakuna kilichoharibiwa hapo. Ni wachoraji wawili waliokutana katika bamba moja.