Intaneti ya taa: Balbu ipo, kipokezi kiko wapi?

Intaneti inaweza kurushwa kwa taa ya LED. Si stori za vijiweni: Profesa Harald Haas wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliionyesha hadharani mwaka 2011 na kuiita LiFi. Lakini leo ukikaa na simu yako chini ya taa hiyo pale Turiani, wilayani Mvomero, hupati kitu. Tatizo si taa, ni simu.

Simu inakosa nini?

Taa ya LiFi hubadilisha ukali wake mara mamilioni kwa sekunde, kasi ambayo jicho halioni. Ili data isomeke, lazima kuwe na kipokezi: fotodayodi, kijidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Simu nyingi hazina ya kazi hiyo. Kamera nayo haitoshi, kwa sababu kwa kawaida hurekodi picha 30 au 60 tu kwa sekunde.

Vipi kuhusu sola?

Hapa ndipo penye matumaini. Mwaka 2015 Haas alionyesha paneli ya kawaida ya sola ikipokea data huku ikizalisha umeme. Kwa nyumba za vijijini zenye sola juu ya bati, hilo si jambo dogo. Ila paneli kubwa hujibu polepole. Fotodayodi ndogo ina kasi zaidi, lakini inataka kulengwa vizuri.

Ukungu nao

Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa kampuni mama ya Google, ulivusha intaneti Mto Kongo kati ya Brazzaville na Kinshasa, karibu kilomita 5, kwa miale isiyoonekana kwa macho. Vioo vyake hujisogeza vyenyewe kulenga kipokezi. Adui yake mkubwa ni ukungu, na wanaoishi chini ya milima ya Nguru wanaujua vizuri.

Tufanyeje?

LiFi haiondoi minara. Balbu yenyewe inahitaji umeme, na intaneti iliyoletwa hapo kwa faiba au mnara. Inaweza kufaa ndani ya darasa la kompyuta au wodi ya hospitali, si njiani wala shambani kwenye miwa.

Kwa hiyo akija mtu kuiuzia shule yenu "balbu za intaneti", muulizeni maswali matatu kabla ya kulipa: kipokezi ni bei gani, kinachomekwa wapi, na kikiharibika nani atakitengeneza? Akikosa majibu, hela hiyo bora iende kwenye bando.