Daftari la Wiki: Dakika Mbili za Maktaba

Jumatatu. Mkutubi wa chumba kimoja cha vitabu hapa Laini Saba, Kibera, ameniomba nimsaidie kutengeneza video. Wafadhili wanauliza maktaba imeleta faida gani. Alikuwa na karatasi tayari: vitabu vingapi, viti vingapi, wasomaji wangapi kwa siku. Nikamwuliza, "Mama, ni nani asipokuja unaona pengo?" Hakusita. Ni msichana wa Gredi ya Nane anayefika kila jioni saa kumi na moja, maana kwao chumba ni kimoja na taa ni moja. Tukakubaliana kuanza naye.

Jumanne. Simu ya kawaida, imelazwa kwa upana na kuegemezwa kwenye rundo la vitabu. Msichana tulimkalisha karibu na dirisha, mwanga umguse usoni. Kisha mvua ikayavamia mabati, hata sauti yake ikamezwa. Tukangoja. Naye, bila kuambiwa, akamvuta mdogo wake karibu na kuanza kumsomea sikioni, kidole kikitembea chini ya mstari. Mkutubi akabonyeza simu kimyakimya. Sekunde zile ishirini, kelele za mvua zikiwemo, zilitushinda sote kwa maneno.

Jumatano. Kibera imepigwa picha sana na watu wasiojua majina ya wenyeji: mitaro, takataka, watoto wasio na viatu. Ndiyo maana nawaheshimu vijana wa Map Kibera, walioanza mwaka 2009 kuchora wenyewe ramani ya mtaa wao, na wenzao wa Kibera News Network, waliochukua kamera ndogo mwaka 2010 na kuanza kuripoti habari za kwao. Maktaba ya umma ya Kibera, tawi la huduma ya maktaba ya taifa, nayo iliwapa watoto tableti za kujifunzia kupitia mradi wa Kids on the Tab. Mambo kama haya yasiposimuliwa na walioyaona, yatasimuliwa na mpita njia, naye atarudi kwenye mitaro.

Alhamisi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata kabla ya sheria kuna adabu. Tulimwendea mama yake kwenye kibanda chake cha sukuma wiki, tukamwonyesha video yote. Aliomba tuondoe sehemu inayoonyesha mlango wa nyumba yao. Tukaiondoa papo hapo. Kisha akarudia sekunde zile za mvua mara tatu, akasema polepole, "Sikujua anamsomea mdogo wake." Mteja alisubiri mboga zake, wala hakulalamika.

Ijumaa. Tumeipunguza hadi dakika mbili na kuifanya nyepesi, isije ikamla mtu bando kwenye WhatsApp. Kabla ya kuituma kwa wafadhili, tumeionyesha jioni hii kwa kamati ya maktaba, kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Nilidhani watamtazama msichana. Mzee mmoja wa kamati alitazama saa ya ukutani nyuma ya msichana. "Hapa ni saa kumi na mbili kasorobo," alisema, "na mtoto anarudisha kitabu rafuni kabla hajamaliza ukurasa." Ilikuwa kweli. Sisi tulioihariri video siku mbili hatukuliona hilo.

Kamati ikajadili gharama ya stima na nani atakayefunga mlango. Kuanzia Jumatatu, chumba kitafungwa saa moja usiku badala ya saa kumi na mbili jioni.

Video bado haijafika kwa wafadhili. Saa moja ya kusoma imeongezeka, na msichana atafika mwisho wa ukurasa.