Mpira alioupiga Mwepu



Safari hii tuanzie Baraka. Jumapili moja, timu mbili za vijana zilikuwa zinacheza, moja inaongoza 1-0, na zimebaki dakika chache tu. Wapinzani wakapata mpira wa adhabu karibu na goli. Ukuta ukapangwa. Mwamuzi alipopuliza filimbi, kijana mmoja akachomoka ukutani mbio, akaupiga mpira mbali kabla mwenye zamu hajaugusa. Watu wakacheka mpaka machozi. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akasema kwa sauti: "Huyu ni Mwepu kabisa!" Vijana wakamuuliza: "Mwepu njo nani, baba?" Akawajibu kwamba ni mchezaji wa zamani wa Zaire ambaye alikwenda Kombe la Dunia bila kujua sheria za mpira.

Sikutaka kubishana na mzee mbele ya watoto. Lakini jibu lile si la kweli, na tumelirudia miaka mingi, hata sisi watu wa nchi yake.

Mwepu Ilunga alikuwa beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa shaba. Mwaka 1974 alikuwa katika timu ya Zaire, Leopards, iliyokuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wala hawakufika kwa bahati. Mwezi wa tatu mwaka huohuo walichukua Kombe la Afrika huko Misri. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na Zaire wakashinda 2-0. Magoli yote manne ya fainali hizo yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba wa Vita Club. Katika mashindano yale alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna aliyemfikia kwa Kombe la Afrika moja. Sasa mwambieni mtu kwamba mabingwa wa Afrika hawakujua mpira wa adhabu unapigwaje!

Huko Ujerumani Magharibi mambo yaliharibika. Mchezo wa kwanza walifungwa 2-0 na Scotland, si aibu. Kisha habari za pesa zikaingia: wachezaji walieleza baadaye kwamba zawadi walizoahidiwa hazikuwafikia, ziliishia mikononi mwa wakubwa. Tarehe 18 mwezi wa sita wakacheza na Yugoslavia, moyo umekwisha vunjika, wakafungwa 9-0. Golikipa alibadilishwa baada ya dakika 21 tu.

Katika mchezo huohuo lilitokea jambo lingine ambalo ni nadra sana. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi kulalamikia goli la nne. Mmoja akampiga teke kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamfukuza Ndaye Mulamba. Kumbe aliyepiga teke ni Mwepu, na mwenyewe alikiri baadaye. Ndaye akatoka uwanjani kwa kosa la mwenzake. Siku hizi, kwenye mashindano makubwa, waamuzi wa video wanaruhusiwa kumsahihisha mwamuzi akimwadhibu mtu asiye mwenye kosa. Zamani zile, kama kwetu Baraka leo, filimbi ikilia imelia.

Basi ikafika tarehe 22, Gelsenkirchen, Zaire na Brazil. Brazil walihitaji kushinda kwa tofauti ya magoli 3 ili waipite Scotland, na katika dakika ya 79 walilipata la tatu. Zimebaki dakika kama tano, wakapewa mpira wa adhabu. Filimbi ikalia, na Mwepu akatoka ukutani, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Wabrazil wakabaki wameduwaa. Kadi ya njano. Mtangazaji mmoja wa Uingereza akasema ni ujinga wa Kiafrika, na dunia nzima ikacheka naye.

Mwepu mwenyewe alieleza mara nyingi kabla ya kufariki Kinshasa mwaka 2015. Alisema alijua sheria vizuri sana. Mara moja alieleza kwamba alitaka apewe kadi nyekundu atoke, maana hakuona sababu ya kuumizwa uwanjani wakati wanaokula pesa wamekaa jukwaani. Mara nyingine alisimulia kwamba watu wa Rais Mobutu waliwatisha: wakifungwa magoli 4 na Brazil, wasirudi nyumbani. Maelezo mawili, ndiyo, na mimi nadhani yote mawili yalikuwa ndani ya mguu ule. Mtu mwenye hofu na hasira hachagui moja. Mchezo uliisha 3-0.

Na Ndaye? Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kwa habari kwamba amefia katika mgodi wa almasi Angola. Ninyi wa Misisi munajua habari za mgodi zinavyotembea: mtu analiliwa kuwa amefunikwa na udongo, kumbe amekwenda kuuza dhahabu. Ndaye alikuwa hai Afrika Kusini, maskini, na aliishi mpaka mwaka 2019.

Turudi Baraka. Sheria inataka wapinzani wakae metre 9 na sentimetre 15 kutoka kwenye mpira mpaka upigwe. Anayekimbilia mpira kabla na kuuondosha anapata kadi ya njano, na mpira unarudishwa palepale upigwe upya. Mwamuzi wetu alifanya hivyohivyo, ingawa mashabiki walimpigia kelele wakitaka penaliti.

Mchezo ulipoisha nilimwendea yule kijana, nikamuuliza kama hakujua sheria. Akacheka. "Nilijua, baba," akasema. "Golikipa wetu alikuwa bado anafunga kamba ya kiatu."